Aliyeamuru Moto

Yevgraf Postnikov alianza kwa kubeba mchanga katika kiwanda cha vioo kando ya mto Kama, Urusi, na alipofika miaka thelathini na minne akawa mkurugenzi wa kiwanda hichohicho. Alipandishwa na Chama cha Kikomunisti, watasema watu. Sawa. Lakini aliyemfundisha kusoma michoro, aliyemkalisha mezani kwake kila siku ya mapumziko na kumwita mtu wangu, ni mhandisi Osip Veide, mzee mpole mwenye kikohozi kisichoisha.

Mwaka 1937 wakajenga tanuru jipya. Tanuru la vioo halitaki haraka: matofali yake hupashwa kidogokidogo wiki tatu nzima, la sivyo yanapasuka. Moscow nayo ilitaka vioo kabla ya sherehe za Mapinduzi za Novemba. Basi Yevgraf akaenda kwa Osip, akala supu ya kabichi aliyopika Glafira, mke wa mzee, akafuta mdomo, akasema:

"Osip Karlovich, siku tisa."

"Siku tisa za nini?"

"Za kupasha tanuru."

"Umelewa wewe? Litapasuka."

"Mzee wangu, wewe unaogopa hata mvuke wa chai! Naamuru mimi, lawama nitabeba mimi."

Glafira alikuwa palepale, upawa mkononi, na alisikia kila neno.

Siku ya kumi tanuru likapasuka, kioo kilichoyeyuka kikamwagika sakafuni kama uji. Hakufa mtu. Lakini wakubwa wakaja kutoka Moscow kutafuta mhujumu, na siku hizo mhujumu alipatikana tu, hata asipokuwepo. Mkutano ukaitishwa klabuni, Yevgraf akatakiwa kuongea. Alikuwa amejiandaa, jamani, haki ya Mungu alikuwa amejiandaa. Sentensi mbili. Ya kwanza, mhandisi Veide ndiye aliyesimamia moto. Ya pili, mimi ndiye niliyemwamuru aharakishe.

Akasema ya kwanza. Akamwona mgeni wa Moscow akiinama kuandika, akaketi.

Osip, safu ya mbele, akageuka akamtazama, akingoja amalizie. Watu wakapiga makofi. Yevgraf hakuwa amesema uongo hata kidogo, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye.

Mzee alichukuliwa siku ileile, hakurudi tena. Yevgraf akapewa nishani, gari na ofisi Moscow yenye simu mbili. Aliifaidi miezi minane. Mkuu wake akakamatwa, naye akazolewa humohumo. Siku ya kwanza gerezani, kwa mazoea, alimwita mlinzi "ndugu".

"Ndugu yako mbwa mwitu," akajibiwa.

Miaka kumi na saba akakata magogo kwenye theluji. Kilichomshikilia ni wazo moja, tena wazo bovu: Glafira ndiye aliyemchoma. Ameenda kusema aliyoyasikia mezani, basi, tumemalizana. Kila Osip alipomjia usingizini na yale macho yake, Yevgraf aliamka akijiambia, tumemalizana, mzee, nimelipa.

Alirudi mwaka 1955, meno manne kinywani, akaomba jina lake lisafishwe na kadi ya Chama arudishiwe. Bila kadi angebaki yuleyule mfungwa wa jana machoni pa watu. Mwendesha mashtaka, mwanamke mwenye sauti ya uchovu, akamfungulia faili.

"Nani alinichongea?" Yevgraf akauliza.

"Hakuna. Walichukua orodha ya idara yenu, wakapita nayo kutoka juu hadi chini."

"Na Glafira Veide?"

"Humu hayumo. Yeye ana ombi lake la kumsafisha mumewe, limekwama. Ushahidi uliommaliza ni wako." Akashusha sauti. "Unaweza kuurekebisha. Ila nakwambia kwa nia njema, Yevgraf Lukich, Chama kitataka kujua, na kadi hiyo uisahau."

Kumbe Yevgraf hakuwa amelipa chochote! Aliteswa bure tu, kama wengine wote, na deni la Osip lilikuwa palepale. Aliitaka ile kadi. Aliitaka mno.

"Nipe kalamu," akasema.

Kesho yake adhuhuri alibisha kwa Glafira na nakala ya alichoandika. Mama huyo alikuwa na mvi kichwa chote. Hakumwonyesha kiti.

"Glafira Andreyevna, nimekuletea..."

"Miwani yangu imevunjika. Soma."

Akasoma, amesimama, kofia kwapani. "Mimi, Postnikov Yevgraf Lukich, niliamuru tanuru lipashwe kwa siku tisa. Mhandisi Veide alinikataza. Nilinyamaza mkutanoni kwa woga. Kosa ni langu."

Yevgraf akashindwa kuvumilia. "Ulisikia yote siku ile, mama. Mbona hukunisema?"

"Nilitaka. Kila siku nilitaka. Osip alinikataza wakati anavaa koti, askari wamemsimamia mlangoni. Akaniambia, nyamaza, Glasha, Yevgraf atamalizia mwenyewe, ni mtu wangu yule." Akampokonya karatasi. "Nimekusikiliza sasa hivi. Hata dakika haikufika. Mtu aliyefungwa naye aliniambia, Osip aliingoja dakika hiyo siku arobaini, kila mlango ukifunguliwa anauliza kama umekuja, mpaka siku waliyomwua."