Mabalungi ya Uzi

Kikundi chetu cha wanawake hapa Tezo kilikuwa na mwenyekiti mwanamume. Tuliambiwa mwenyekiti sharti awe na baiskeli, na mwenye baiskeli alikuwa Bwana Mwambire. Mimi nilikuwa katibu kwa sababu nilisomea kilimo chuoni, na kwa sababu kazi yenyewe hakuna mwingine aliyeitaka.

Tulipanda miche ya kubebeshwa, yaani ya kuunganishwa, malimau na mabalungi, kila aina na kibao chake. Katika malimau, Eureka haina miiba mingi na huzaa karibu mwaka mzima, lakini ni laini, ukiikosesha maji inanuna. Lisbon ina miiba ya kumtoa mtu damu, ila jua na upepo inavistahimili. Marsh ni balungi lisilo na mbegu za kusumbua, na ndilo hoteli za Malindi zilikuwa zikililia. Duncan ni tamu kuliko Marsh, lakini mbegu zake ni nyingi kama maswali ya mama mkwe.

Miche ilipotimiza miaka miwili, ikaingia 1984 na ukame wake. Tukawa tunainywesha kwa madebe ya kichwani kutoka kisimani, asubuhi na jioni. Tulichotaka ni pampu, basi. Ndipo tukasikia kwamba mkubwa mmoja anakuja kutoka Mombasa kukagua mashamba, na kwamba pampu moja anayo garini.

“Sasa huyo mgeni aje aone nini hapa?” Mwambire akauliza. “Majani?”

“Aone majani yanavyonyauka,” nikamwambia. “Hiyo ndiyo shida yetu.”

“Mama Thuku, umesoma, lakini wakubwa huwajui. Mkubwa hapendi kuonyeshwa shida. Shida anazo kwake.”

Siku ya mgeni Mwambire akarudi alfajiri kutoka soko la Malindi na gunia la matunda na kibunda cha uzi wa kushonea. Alikuwa amenunua alichokikuta: mabalungi manene, na malimau ya kienyeji, yale ya ganda la makunyanzi tunayotengenezea achari. Akatuamuru tuyafunge mitini.

Nilikataa. Hawe Kadii, bibi wa wajukuu tele na mgongo mbovu, akanigeukia.

“Mwanangu, mimi debe limenimaliza. Kama uzi utaniletea maji, nipe nifunge.”

Nikafunga na mimi.

Kazi ya haraka haikosi kasoro. Malimau ya makunyanzi yaliishia kwenye Lisbon, ambayo limau lake ni laini na lina chuchu. Mche wa Marsh, kimo chake kifuani pangu, ulibebeshwa mabalungi manne ukapinda kama mja mzito wa mapacha. Moja lilining’inia kichwa chini, kikonyo kikitazama ardhi. Nilimwonyesha Mwambire.

“Nani atatazama kikonyo?” akasema.

Kweli, hakuna aliyekitazama. Mgeni alishuka na suti yake, msafara nyuma yake, akasimama mbele ya Marsh, akaguna kwa furaha.

“Ina miaka mingapi?”

“Miwili, Mheshimiwa,” Mwambire akajibu.

“Miwili tu! Na maji mnatoa wapi?”

“Umande, Mheshimiwa. Umande na juhudi.”

Nilimfinya. Hakuhisi, au alihisi akaendelea.

Mgeni akachuma balungi, likaja na uzi wake. Akauvuta uzi, akauweka mfukoni, akamenya. Kipande cha kwanza tu akaanza kutema mbegu.

“Katibu, Marsh si haina mbegu?”

Kabla sijafungua kinywa, mwenyekiti akadakia. “Ni rutuba, Mheshimiwa! Udongo wa Tezo, hata tasa anazaa.”

Msafara mzima ukapiga makofi.

“Mheshimiwa,” nikasema kwa sauti, “miti hii inakufa kwa kiu. Tunaomba pampu.”

Aliitazama miti iliyoelemewa na matunda, kisha akanitazama mimi kama mtu anayelia njaa huku amekumbatia sufuria la pilau.

“Mama, usikufuru. Neema haitukanwi.” Akawageukia wote. “Pampu nilikuja nayo nikidhani nyinyi ni wahitaji. Nimefurahi kukosea! Itakwenda upande wa Marereni, kule maji yao ni ya chumvi. Nyinyi kuanzia leo ni shamba la mfano.”

Tukapiga makofi. Mikono ilizoea. Gari likaondoka na pampu yetu nyuma, imefunikwa turubai.

Mwambire akajikohoza. “Kina mama, msivunjike moyo. Jumamosi wanakuja watu wa Rabai kujifunza kwetu. Miti isinyauke. Basi jioni hii, kama kawaida...”

Hawe Kadii alikuwa ameshakaa chini, miguu ameinyoosha.

“Kama kawaida ya nani, baba?”

“Ya... ya kikundi.”

“Mwenyekiti ndiye kikundi. Kisima unakijua kilipo?”

Mwambire akatutazama mmoja mmoja, akingoja atakayeinuka. Wenzangu walikuwa wakifungua malimau mitini na kuyatia kangani, maana achari haijali yametoka wapi. Mwisho akachukua debe mwenyewe. Kichwani hakuweza, akalibeba mkononi, na aliporudi suruali ilikuwa imekunywa nusu ya maji.

Akasimama katikati ya shamba, hajui aanzie wapi.

“Anza na Eureka,” nikamwambia. “Lisbon ni ngumu, itakungoja.”