Sufi ya Kifuani

Mchambua sufi wa karakana ya magodoro alipitia zahanati asubuhi kabla ya kazi, akakaa kwenye benchi na chupa ya maji mapajani. Kila kikohozi kilipomjia alikunywa funda moja, kikarudi chini. Alikuwa mjane wa fundi mshonaji wa karakana hiyohiyo, na tangu amzike hakuwa amekohoa hata mara moja.

Nesi akamwekea kifaa mgongoni, akasikiliza.

"Mama, humu ndani kuna mwanamume."

"Ni mume wangu. Nilikuwa nimemwinamia alipokata roho, pumzi yake ikaniingia."

"Anauliza kama dirisha limefunguliwa."

"La kazini hilo. Tajiri alilipigilia misumari ili sufi isipeperuke."

Nesi akamweleza taratibu. Njia za pumzi zina vinyweleo visivyoonekana kwa macho, navyo vinafagia mchana na usiku, vikisukuma juu makohozi na vumbi lililonasa humo. Yakifika kooni, mtu hukohoa, yakatoka.

"Kwako sufi imejaa mpaka juu, mama. Ukizidi kuizuia utakosa pa kupumulia. Ila mapafu hayabagui. Kisicho chao hukitoa chote."

"Na yeye?"

"Na yeye pia."

Mjane akafunga chupa yake, akaenda kazini. Nyumbani kwake kulikuwa na vikombe viwili na mnywaji mmoja. Kila jioni alivuta pumzi ndefu makusudi ili amsikie mumewe akiuliza, kisha akamjibu, "Bado, baba." Hakuwa na mwingine wa kumsemesha, na upweke ulimuuma kuliko kifua.

Karakanani kulikuwa na feni moja, nayo ilifukuza vumbi la ofisi ya tajiri na kulipeleka kwenye meza za wachambuaji. Barakoa ziliahidiwa mwezi ujao. Mwezi ujao huo ulikuwa na miaka yake sasa. Mwenzake wa meza alimtazama akigugumia maji.

"Shoga, mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Sasa wewe na kikohozi chenyewe, utakificha wapi?"

Kabla hajajibu, kikamponyoka. Sufi ikamtoka kinywani, nyeupe na kavu, ikarundikana mpaka magotini. Mwisho kabisa ikatoka pumzi yenye joto, ikazama kwenye rundo.

"Mke wangu, hawajafungua dirisha?" rundo likauliza.

Wenzake wakasogeza miguu, wakaendelea kuchambua. Tajiri akaja, akaifikicha sufi kwa vidole.

"Safi sana hii. Jazeni godoro."

"Mume wangu yumo humo, tajiri. Naomba nimchukue."

"Mume ni wako, mama. Sufi ni ya karakana."

Godoro lilinunuliwa jioni ileile na maharusi. Wiki iliyofuata walirudi, wala hawakuja kulalamika. Godoro liliuliza kuhusu dirisha, wao wakafungua, na sasa chumba kina hewa na usingizi ni mtamu. Walitaka na mito miwili ya sufi hiyohiyo.

Tajiri akamgeukia mjane. "Unayo nyingine?"

Mjane akavuta pumzi ndefu. Ilishuka mpaka chini bila kukwama popote, na huko chini hapakuwa na mtu. Alilia kidogo, akajifuta kwa upindo wa kanga. Misumari ya dirisha ilikuwa palepale, na feni ilikuwa ikizunguka.

"Itakuwepo, tajiri," akasema. "Haitachukua muda."

Akavuta gunia jingine, akaanza kuchambua.