Magunia Sita ya Mwenyekiti

Mimi ni mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, katika kijiji kimoja kati ya Chidya na Newala. Ninaandika haya kwa sababu kila mtu hapa kwetu anayasimulia na kila mtu anayakosea. Wapo wanaosema niliiba. Sikuiba. Nilichofanya ni kibaya kwa namna yake, na afadhali nikiseme mwenyewe.

Sheria ya ukaguzi niliileta mimi. Msimu wa mwaka juzi mzigo wetu ulishushwa daraja kwa sababu kuna waliochanganya korosho mbichi na kavu, na watu walilalamika mpaka masikio yakaniuma. Nikaitisha mkutano, nikasimama, nikasema kuanzia leo hakuna gunia litakalopanda mizani kabla Esha hajalipitisha, hata liwe la mwenyekiti. Walinipigia makofi sana. Nakumbuka makofi yale kwa sababu niliyapenda.

Esha, Mama Shamte, ni Mmakua wa Masasi aliyeolewa huku kwetu juu. Kazi yake ni kuchoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha kinachotoa korosho za katikati, kisha anazitikisa kiganjani karibu na sikio. Korosho kavu zinagongana kwa mlio mkali. Zenye maji hazisemi kitu. Chama kina mashine ya kupimia unyevu, lakini betri zake zikiisha hatuhangaiki, maana Esha hajawahi kukosea.

Tena ni mtani wangu. Mimi Mmakonde, yeye Mmakua, na utani huo tumeukuta. Kwa miaka kumi na mmoja hajawahi kunipita bila kunisema: tumbo langu, pikipiki yangu, hotuba zangu ndefu. Msibani kwa baba yangu alivaa koti la marehemu akaiga mwendo wake mpaka nikacheka na machozi yananitoka. Mtani akikusema hukasiriki. Hiyo ndiyo desturi, na mimi niliitumia vibaya.

Ilikuwa hivi. Wiki ya kwanza ya mnada nilikuwa Mtwara kwenye semina ya uongozi bora, siku tatu, na cheti nikapewa. Mwezeshaji aliandika ubaoni kwamba kiongozi bora ni msikilizaji. Nikayanakili maneno hayo kwenye daftari, nikayapigia mstari. Alhamisi nikarudi nyumbani. Lori la kushusha mzigo Masasi, ghala kuu, lilikuwa linaondoka kesho yake, na magunia yangu sita yalikuwa yameegemezwa ukutani.

"Baba Gift, hizo hazijaonja jua," mke wangu Claudia aliniambia. "Mvua ya Jumanne ilizikuta shambani. Tuzianike, zitakwenda mnada wa pili."

"Mwenyekiti akose mnada wa kwanza? Watu watasemaje?"

"Watasema korosho zako mbichi. Si ndivyo zilivyo?"

Nilikodi toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, nikapakia.

Uwanja wa chama ulikuwa umejaa. Foleni ilianzia mizani ikazunguka mpaka kwenye choo. Mimi sikupanga foleni; sijapanga foleni tangu nichaguliwe, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilishusha magunia mbele kabisa, mbele ya mzee aliyekuwa amefika tangu alfajiri. Esha akaja na bambo lake, akachoma gunia la kwanza, akatikisa, akasikiliza. Akachoma la pili. La tatu hakulitikisa hata kidogo.

"Jamani njooni muone maajabu," akasema. "Wenzake wanateremka bondeni kutafuta maji ya kunywa, huyu Mmakonde anayo mpaka ya kunywesha korosho!"

Watu walicheka. Nami nikacheka, nikamwambia Mmakua njaa ikimshika huziba masikio, apewe muhogo kwanza ndipo asikie vizuri. Wakacheka zaidi.

Esha hakucheka. Alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Hapo sitanii, Baba Gift. Zirudishe nyumbani."

Nilimsikia. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye wenye huruma walinitetea kwamba nilidhani ni utani. Nilimsikia vizuri, na nilijua ni kweli kabla hajafungua mdomo. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na niliona njia: nikiendelea kucheka, hakuna atakayesema mwenyekiti amevunja sheria. Watasema mwenyekiti ametaniwa, akatania. Basi nikacheka tena, kwa sauti kubwa kuliko mara ya kwanza, nikamwambia katibu wetu, Erasto, apime. Erasto akamtazama Esha, akanitazama mimi, akapima.

Jumamosi mchana simu ikaja kutoka Masasi. Mzigo umekataliwa wote. Wakaguzi wa ghala walichoma magunia machache, wakakuta unyevu na harufu ya uvundo, na joto la ndani ya lori lilikuwa limekwisha kuusambaza. Lori likapanda tena mlima na mzigo wetu. Mnada wa kwanza ulitupita, kijiji kizima, pamoja na yule mzee aliyefika alfajiri ambaye korosho zake zilikuwa kavu kama changarawe.

Katika kutafuta zilizoharibika, magunia yalikuwa yamemwagwa na kuchanganywa. Hakukuwa tena na gunia la fulani. Kilichobaki ni swali moja: nani alizipitisha? Na kila mtu alijua kazi ya kupitisha ni ya nani.

Jumatatu tukakaa mkutano wa chama uwanjani, mbele ya rundo lile. Watu walikuwa na hasira, na haki walikuwa nayo. Kuna waliokuwa wameahidi watoto sare za shule. Kuna aliyekuwa na mgonjwa wa kupeleka hospitali ya Ndanda. Mkulima mmoja akasimama akasema Mama Shamte amezeeka masikio, aondolewe, na atangazwe vijiji vya jirani asipewe tena kazi hiyo. Wengine wakaitikia. Esha ni mjane. Kazi hiyo ndiyo aliyosomeshea watoto, na jina lake katika kazi hiyo ndiyo mali aliyonayo.

Erasto akamuuliza, "Mama Shamte, ulikagua magunia yote?"

"Nilikagua."

"Na yote uliyapitisha?"

Esha akageuka upande wangu. Nikajiandaa kutaniwa. Kusema kweli, niliomba anitanie. Angesema muulizeni huyu anayenywesha korosho, watu wangecheka, nami ningecheka, hasira ingepungua, na mimi ningepita katikati ya kicheko kile kama nilivyopita Alhamisi.

"Swali hilo," akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti analiweza."

Mheshimiwa. Miaka kumi na mmoja hajawahi kuniita hivyo. Alilisema bila kejeli, jinsi mtu anavyomwita mkubwa asiyemjua, na akainamisha kichwa kidogo. Palepale nikaelewa kwamba amenivua utani. Niliona aibu ambayo sijaiona maishani, na pia niliona upweke, maana mtu ambaye hakuna anayeweza kumwambia kitu hana tofauti na mgeni.

Lakini sikusema mara moja. Nikiri na hilo. Kura ilikuwa mikononi mwangu na mdomo wangu ulikwisha kuanza: "Wanaokubali hoja ya kumwondoa..." Claudia alikuwa amekaa safu ya pili na mtandio wake mapajani. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa. Aliniangalia tu.

"Hoja hiyo naifuta," nikasema. "Mama Shamte aliyakataa magunia sita. Alinikataza mara mbili mbele ya macho yenu, mara ya kwanza kwa utani, ya pili bila utani. Magunia yalikuwa yangu. Nilijua ni mbichi. Nilimwamuru Erasto apime."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mzee wa alfajiri akatema mate chini, akaondoka. Mwingine akauliza mbona sijajiuzulu. Nikasema nikiambiwa niondoke naondoka leo. Wakabishana mpaka adhuhuri, mwisho wakasema suala la kiti litangoja mkutano mkuu. Kwanza korosho zikauke kabla ya mnada wa pili, na atakayeziokoa ni yule aliyeziharibu. Wenye nafasi watasaidia.

Walisaidia wachache. Siku tatu nilikuwa uwanjani tangu jua linachomoza, mimi na Claudia na reki, tukimwaga korosho kwenye maturubai, tukizigeuza, tukichambua zilizooza, tukizifunika wingu likijitokeza. Waendesha bodaboda walipunguza mwendo ili waone vizuri. Kila jioni nilichota korosho kiganjani, nikampelekea Esha alipokaa.

"Shikamoo, Mama Shamte," nilimwambia siku ya kwanza. Kwa umri mimi ndiye mkubwa.

Hakuitikia shikamoo hiyo. Alitikisa, akasikiliza. "Bado, Mheshimiwa."

Siku ya pili: "Bado, Mheshimiwa." Mgongo ulikuwa unaniuma kiasi cha kushindwa kuvua viatu, na hilo neno liliniuma zaidi ya mgongo.

Siku ya nne asubuhi watu walikwisha kufika na magunia yao ya mnada wa pili. Foleni ilikuwa imezunguka tena mpaka kwenye choo. Mimi nilikuwa mbele ya mizani na magunia yangu, yale niliyogawiwa kutoka kwenye rundo baada ya kila mtu kupata yake, na safari hii yalikuwa manne tu. Esha akachoma yote, moja moja, bila haraka. Akatikisa za gunia la mwisho muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Zimekauka," akasema. Halafu akanitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, jasho na vumbi na shati lililochanika kwapani. "Yaani Mmakonde mpaka aanikwe yeye kwanza ndipo korosho zake zikauke. Haya, ondoa tumbo lako mbele ya mizani. Mwisho wa foleni uko kule chooni."

Nikayabeba magunia yangu, moja moja, mpaka kule. Mbele yangu walikuwa watu kumi na tisa, na yule mzee alikuwa wa tatu. Hakuna aliyenipisha.