Magurudumu Kwenye Vigae

Nilisikia magurudumu kabla ya kusikia hodi. Yalitoka kwenye lifti, yakaifuata korido yetu yakigonga kila kiungo cha vigae, trr-tak, trr-tak, mpaka yakanyamaza mbele ya mlango wetu. Mimi na mama tulikuwa tunakunja mashuka ya wageni ili tuyauze. Mama akabaki ameshika ncha mbili hewani. Kabla hajasema neno, jirani wa chini aligonga dari lake kwa mpini wa ufagio, mara mbili, kama mtu aliyechoka hata kukasirika.

Mlangoni alisimama mama mtu mzima, kilemba kimemkaa upande kwa safari ndefu, na kando yake sanduku kubwa la kijani lililofungwa kamba ya katani.

"Ni hapa, siyo?" aliuliza huku akichungulia begani kwangu. "Kwenye picha kulikuwa na pazia la njano."

Pazia la njano lilikuwepo. Kilichobadilika ni sheria.

Tangu mwanzo wa mwezi mji wetu ulikuwa umepiga marufuku kukodisha fleti kwa wageni wa siku chache. Anayetaka kupangisha apangishe kwa mwezi au zaidi, kwa mtu anayekuja kuishi. Ukikamatwa mara ya kwanza unaonywa. Mara ya pili mlango unatiwa utepe mwekundu na lakiri mwaka mzima, na hata mwenye nyumba haruhusiwi kulala ndani. Sisi onyo tulishalipata, kwa sababu ya wageni waliokuwa wamebakiza siku moja na sanduku lao likaonekana chini ya kitanda. Fleti hiyo ndiyo kitu pekee alichotuachia baba. Hatukuwa na kwingine.

Baada ya onyo nilifuta nafasi zote zilizokuwa zimewekwa. Ujumbe wa mama huyu ulikwenda kwenye simu ya binti yake, na binti akasahau kumwambia. Nilimweleza hayo pale pale mlangoni. Alinisikiliza kwa makini, akasema pole, akainama kushika mkono wa sanduku ili aondoke. Hakuwa na mahali pa kwenda. Aliondoka tu kwa kuwa alifukuzwa kwa adabu.

Nikamwambia aingie kwanza anywe maji.

Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mbali huko, na amestaafu juzijuzi. Kila mwaka watoto wa shule ile walikuja kwenye mji wetu kwa ziara, kuuona mnara wa saa. Yeye ndiye aliyewafungashia mikate na mayai ya njiani, akasimama getini kulipungia basi mkono, kisha akarudi kuosha masufuria. Watoto walirudi wakimsimulia kwamba mnara ule unaingia mawinguni. Safari hii alitaka kuuona mwenyewe. Sanduku lilikuwa zito kwa sababu alifungasha alivyozoea: pasi, blanketi mbili, sufuria yenye mfuniko, kama vile kuna watoto sitini nyuma yake.

Nilipiga simu kila hoteli niliyoijua. Zote zilijaa, fleti zimefungwa na msimu ndio huu. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Jumapili, na mabasi ya kabla ya hapo hayakuwa na kiti. Mama alinivuta jikoni akafunga mlango.

"Akilala bure si mpangaji," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mgeni. Hiyo sheria yako inakataza wageni?"

"Haikatazi."

"Basi."

Aliita sheria yangu kwa sababu chuoni nilisomea mipango miji, na utafiti wangu wa mwisho ulitetea jambo hilohilo: kwamba nyumba ni za kukaa watu, na mji ukigeuka kuwa chumba cha wapita njia wenyeji watakosa pa kulala. Niliamini hivyo, na hata sasa naamini. Siku ya onyo mama aliniambia mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, akaenda kulala bila kula.

Lakini pale jikoni, baada ya lile "basi," sote wawili tuliliona shimo. Mgeni wa bure hakatazwi, lakini nani angetuamini? Tangu kamati ya jengo ianze kunung'unika, mama alimfundisha kila mgeni wa kulipa kusema yeye ni shangazi yangu. Walikuja mashangazi wa kila rangi na kila lugha, wengine wana ndevu. Mlinzi wa mlangoni aliwahi kuniuliza kama babu yangu alipumzika hata siku moja. Sasa mgeni wa kweli amekuja, na ukweli wetu ulifanana na uongo wetu kama mapacha.

Nilitaka kumtoa siku hiyohiyo kabla hajaonekana, lakini mlinzi akapiga simu kutuonya: mkaguzi wa mji anayesaka wageni wa kukodi amehamia kabisa kwenye jengo letu. Meza yake ipo mapokezi, uso umeelekea lifti, na kila atokaye na mzigo anaulizwa. Mpishi alipopita mapokezi kuja kwetu, mkaguzi alikuwa ameenda kununua soda. Kuingia alikuwa ameingia kwa bahati. Kutoka, hapana.

Nilishuka kwa ngazi hadi ghorofa ya tano, chini yetu, kumwona jirani. Ni fundi cherehani, anashonea nyumbani, na mumewe alipata kiharusi mwaka jana. Mzee yule usingizi wake ni wa kudokoa. Ukikatika haurudi, na akikosa kulala hulia kama mtoto. Wageni wetu walikuwa wakifika saa zote na masanduku yao, wakikokota juu ya kichwa chake. Fundi ndiye aliyetushtaki kwenye kamati, na siku ya onyo nilikwenda kumwomba radhi. Nilimwahidi kwamba hatasikia tena gurudumu juu ya dari lake. Alinitazama huku ana pini midomoni, akazitoa moja moja, akasema ahadi za watoto wa chuo ni nzuri kusoma.

Safari hii alifungua mlango kidogo tu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Shangazi mwingine?" aliuliza.

Nilimweleza yote: binti aliyesahau, tiketi ya Jumapili, kwamba hatumtozi kitu. Alinionyesha kwa kidevu chumba cha ndani, ambako mzee alikuwa anaguna, akaniambia kwamba mzee alikuwa amepata usingizi asubuhi ile baada ya kukesha, na magurudumu yale yakauchukua.

"Jumapili ataondoka, na hutasikia kitu," nikasema. "Nakuahidi."

"Uliahidi."

"Naahidi tena."

"Mwanangu, mimi sitamwita mkaguzi. Sina nguvu hiyo. Ila usiniahidi tu ili ulale vizuri wewe." Akafunga mlango taratibu, kitasa kimegeuzwa ili kisilie.

Jumamosi tulikaa ndani sote watatu. Pazia la njano tulilishusha, kwa kuwa mkaguzi alipenda kusimama uani akihesabu madirisha yaliyo wazi. Mpishi alikuwa amevua viatu, anatembea kwa soksi. Alizunguka sebuleni, akaingia jikoni, akarudi. Dirisha la jikoni linatazama ukuta wa jengo jingine na bomba la maji machafu. Akasimama pale muda mrefu.

"Mnara uko upande gani?" aliuliza.

Nilimwonyesha ukuta. Akautazama ukuta kwa heshima, kama vile ungesogea.

Mama, ambaye alikuwa amenuna tangu jana, alianza kucheka bila kutaka. Alimwambia kwa miaka yote ya kupokea watalii hajawahi kuwa na aliyeridhika upesi hivyo. Tangu hapo wakawa dada na dada. Mpishi alilitwaa jiko, akampokonya mama mwiko, akalalamika kwamba visu vyetu ni butu. Nilifurahi kuwasikia, lakini kila lifti ilipolia mlio wake wa kufunguka wote wawili walikata maneno katikati, na mikono yao ikasimama juu ya chakula. Nilijaribu kusoma nikashindwa. Hewa ilikuwa nzito. Kwenye nyumba yetu wenyewe tulinong'ona, tukavuta maji ya chooni mara moja moja, tukazima redio. Nilifikiria kwamba nilitumia miaka mitatu kuandika juu ya nyumba na sikuwahi kuandika kwamba mtu anaweza kujificha ndani ya yake.

Jumapili asubuhi kitu cha kwanza nilichosikia ni kutosikia. Cherehani ya chini ilikuwa kimya. Kwa kawaida fundi huanza kushona mapema sana, na huacha kwa jambo moja tu: mzee akisinzia. Cherehani ikinyamaza, mzee amelala.

Mkaguzi naye alikuwa ameanza kupita nyumba kwa nyumba, kutoka ghorofa ya juu kushuka. Alikuwa anafungua vyumba na kuangalia chini ya vitanda, kwa hiyo kuliacha sanduku kwetu haikuwezekana. Lazima liondoke na mwenyewe. Tulikaa nyuma ya mlango tumevaa viatu. Simu ikalia. Alikuwa mlinzi.

"Dada, ameingia nyumba ya kona, ghorofa ya saba," alisema. "Akitoka hapo anakuja kwenu. Nimewatumia lifti. Kimbieni sasa hivi, burureni sanduku mwende."

Nikafungua mlango. Korido ilikuwa tupu na ndefu, vigae vinang'aa, na mwisho wake lifti imefunguka, taa yake inawaka. Nikashika mkono wa sanduku, nikalilaza liegemee magurudumu yake. Halafu nikasimama. Chini ya miguu yangu kulikuwa na ule ukimya.

"Vuta," mama alininong'oneza kutoka nyuma.

"Mzee amelala."

"Na sisi tutalala wapi? Vuta, mwanangu. Ahadi gani inayokula nyumba ya mtu?"

Nilijua ni gurudumu tu, sekunde chache, na pengine mzee asingeamka. Nilijua pia kwamba kila sanduku lililopita juu yake lilikuwa la sekunde chache, na la mtu mwenye haraka ya haki.

Nikalikumbatia, nikaliinua. Sufuria ikagonga pasi ndani yake. Mpishi alitaka kusaidia, nyonga ikamkatalia, akabaki ananishikia kamba. Nilikwenda hatua chache, nikapumzisha sanduku juu ya paja, nikaenda tena. Jasho liliniingia machoni. Tulipofika katikati, milango ya lifti ilijifunga taratibu na taa ikashuka nayo. Mlango wa ngazi ulio kando yake ukafunguka, akatoka mkaguzi.

Alikuwa kijana, labda tumepishana mwaka mmoja, shati limepigwa pasi vizuri. Alitutazama mmoja mmoja: mimi, sanduku, mpishi, na mama aliyesimama mlangoni.

"Huyu ni shangazi?" aliuliza, bila kejeli.

"Hapana," nikasema. "Ni mgeni wetu. Hajatulipa chochote. Alikosa pa kulala."

"Kila nyumba naambiwa hivyo, dada. Wewe ungekuwa mimi, ungeamini?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikawakumbuka mashangazi wote.

"Nisingeamini," nikamwambia.

Alionekana kusikitika kweli. Mpishi alianza kueleza juu ya binti yake na mikate na mayai, na mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hii ni mara yetu ya pili na hana la kufanya; tuwe tumetoka kabla ya jua kuzama. Alipopita kuelekea kwa mama alisimama akanitazama nikiliinua sanduku upya.

"Si lina magurudumu?"

"Chini kuna mgonjwa. Ndiyo kwanza amelala."

Akaendelea kutembea, sasa kwa ncha za viatu.

Kwa kuwa hapakuwa na cha kuficha tena, tulitoka kwa mlango mkubwa, tukampita mlinzi aliyeinamisha uso. Basi lilikuwa linaondoka mchana, kwa hiyo nilimpeleka mpishi kwenye mnara. Aliutazama kuanzia chini hadi juu, mkono kwenye nyonga.

"Wale watoto waongo," alisema. "Hata mti wa getini kwetu unaupita." Kisha akalia, nami nikamshikia kilemba.

Niliporudi, mama alikuwa amefungasha. Tulikuwa tunaenda kulala sebuleni kwa mjomba, ng'ambo ya mji, kwa muda ambao hakuna aliyetaka kuutaja. Mkaguzi alisimama koridoni na utepe wake mwekundu, anatusubiri. Mama hakuwa amesema nami tangu asubuhi. Alilitoa sanduku letu mlangoni, lile kubwa, la magurudumu, akavuta mkono wake wa chuma ukatoka.

Tukasikiliza. Cherehani ilikuwa kimya.

Mama aliurudisha ule mkono ndani ya sanduku, akainama, akashika upande wake.

"Shika huko," akaniambia.

Tukaliinua.