Perege Aliyesusa Chakula

"Shemeji, tua hilo jembe!"

Shemeji alikuwa ameshaliinua juu ya tuta la bwawa. Angebomoa hapo tu, maji yote yangemwagika bondeni na samaki wote. Mama Perege, kama majirani walivyozoea kumwita kwa utani mfugaji huyo wa samaki, alikuja mbio, ndoo ya chakula cha samaki ikimgonga goti.

"Tulikubaliana," shemeji alisema bila kumtazama. "Akisusa hata mmoja, tunafukia, tunapanda mboga. Yule mweusi wiki ya pili hii hagusi chakula. Mdomo unamchezacheza tu. Ni sumu ile ile."

Hakuwa na roho mbaya, masikini. Alikuwa na aibu. Msimu uliopita, alipomaliza kupuliza dawa ya magugu shambani, alisuuza bomba lake kwenye mfereji unaoleta maji bwawani, huku akipiga mluzi. Kesho yake perege walijaa juu ya maji wakitweta, wengine wakiogelea kiubavu, mashavu yamewavimba. Mama Perege aliwaokota kwa ndoo, akilia bila kujificha. Wachache walipona, lakini tangu hapo hakuna aliyezaa. Na bwawa lisilo na vifaranga, hata usipolifukia, linajifukia lenyewe.

"Wale walipanda juu kutafuta hewa," alisema Mama Perege. "Huyu amejificha chini, kwenye majani. Hebu njoo uone kidevu chake!"

"Naona hapa hapa."

"Huoni kitu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lala chini, bwana mkubwa, shati litafuliwa!"

Wakalala kifudifudi kwenye tope, shemeji na shemeji, kama watoto wanaochungulia shimo la panya. Perege mweusi alikuwa pale, amekonda, kidevu kimemning'inia. Mdomo ukamchezacheza. Kisha akafungua kinywa, na kikatoka kitu kama vumbi.

Vumbi lile lilikuwa na macho.

"Wanawe!" Mama Perege alimpiga shemeji kofi la mgongo. "Alikuwa amewabeba kinywani! Mzazi gani atakula na watoto wamejaa mdomoni? Wamezaa, shemeji! Wamezaa!"

Alicheka, akalia, akacheka tena. Shemeji naye, mdomo wazi, alijiinua kwa viganja ili awaone vizuri.

Kivuli chake kikaangukia maji. Papo hapo yule perege akapanua kinywa, na vifaranga vyote vikarudi ndani mbio, akafunga.

Shemeji alianza kurudi nyuma kwa magoti, taratibu, akilipita jembe lililolala kwenye nyasi, mpaka kivuli kikatoka juu ya maji.

"Bado," Mama Perege alinong'ona. "Rudi kidogo tena."

Akarudi. Ule mdomo ukaanza kufunguka.