Mawe Ndani ya Mashua ya Sámal

Redio ilipotangaza kwamba upepo mkali wa kusini-magharibi ungefika kisiwani kabla ya usiku, Sunneva alicheka peke yake jikoni. Redio ilikuwa imechelewa. Kondoo walikuwa wameshateremka mlimani tangu asubuhi wakajibana nyuma ya ukuta wa kanisa, na kondoo wa kijiji kile wanajua hali ya hewa kuliko watu wanaolipwa kuitangaza. Naye alikuwa ameshamaliza kazi yake: mapipa ya taka ameyaingiza ndani, kibanda cha kukaushia nyama amekikomelea, na mashua ya marehemu mumewe, Hanus, ameijaza mawe isije ikarushwa na upepo. Viganja bado vilikuwa vinamwaka.

Yalikuwa majira yake ya kwanza ya baridi bila Hanus. Binti yake, Bjarta, alishamwambia bila kuficha: mama akisahau jambo kubwa tena, kama alivyosahau samaki jikoni mpaka moshi ukaita majirani, atahamia mjini, kwenye nyumba ya wazee. Sunneva aliiogopa nyumba ile kuliko upepo wowote. Kwa hiyo alivaa koti akashuka ufukweni kuhakikisha.

Alipofika aliduwaa. Mashua ilikuwa na mawe, hilo sawa. Lakini yalikuwa yamepangwa, makubwa chini na madogo juu, kwa ustadi asiokuwa nao. Tena kamba ilikuwa imepitishwa juu yake na kufungwa kwenye pete ya mwambani kwa fundo la kuzungusha mara mbili, ncha ikarudishwa ndani. Fundo la Hanus. Sunneva hakuwahi kujua kulifunga, na Hanus alikuwa kaburini tangu kiangazi.

"Nimefunga mimi hii?" akajiuliza. Akajaribu kulifunga hewani, vidole vikagoma. Lakini mawe aliyakumbuka. Alikumbuka hata lile lililomponyoka likamchubua goti. Akapandisha sketi akatazama: mchubuko upo. Basi mawe yake yamekwenda wapi, na haya yametoka wapi? Akatazama bahari, akatazama kijiji, kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa akili yake. Aliogopa sana.

"Umeona kasoro?" sauti ikauliza.

Alikuwa Sámal, mdogo wake Hanus, kasimama nyuma ya mashua ya pili iliyolala ubavuni mwa ile ya kwanza. Zote mbili ziliundwa na baba yao, urefu mmoja, lami moja. Sámal hakuwa amesema na nyumba ya kaka yake tangu kondoo dume wao alipoporomoka jabalini, na kila ndugu akaapa kwamba mbwa wa mwenzake ndiye aliyemfukuza. Hata siku ya mazishi alisimama nje ya geti la makaburi.

"Nani kafunga hii?" Sunneva akauliza.

"Mimi. Fundo la baba hilo, nani mwingine analijua siku hizi? Nimekuja hapa nimekuta yangu imejaa mawe. Mke wa kasisi ananiambia kakuona wewe, umeinama kama mchimba viazi. Nikasema haya, shemeji kanitangulia, amekuwa mtu mzima kunishinda. Ndiyo nikaijaza yenu na kuifunga." Akakohoa. "Ila kupanga mawe hujui. Umeyamwaga kama takataka."

Sunneva akachungulia ndani ya mashua ya Sámal. Mawe yake yale. Sasa alielewa, na kuelewa kulimuumiza zaidi. Hakuwa amekusudia kupatana na mtu. Alikuwa amekosea mashua, mashua aliyoiona kila siku tangu aolewe. Na Sámal alikuwa anatabasamu, jambo ambalo hakuwa ameliona kwa muda mrefu.

Simu ikalia mfukoni. Bjarta.

"Mama, mashua umeifunga?"

Sunneva angeweza kusema ndiyo, na kijiji kizima kingemuunga mkono. Badala yake akageuka.

"Shemeji," akasema, simu ikiwa bado sikioni, "nilidhani ni yetu."

Tabasamu la Sámal lilififia polepole. Upepo wa kwanza ukapita, ukainua majani makavu ya mwani na kuyabwaga tena. Kisha Sámal akanyoosha mkono akaichukua simu.

"Bjarta? Baba yako mdogo hapa. Ndiyo, mimi, usishtuke. Yangu kaijaza mama yako, yenu nimeifunga mimi. Ndivyo tunavyofanya huku."

"Tangu lini?" Bjarta alisikika akiuliza.

"Tangu leo," Sámal akajibu, akakata.

Akamrudishia simu bila kumtazama, akainama kwenye mashua yake, akaanza kutoa mawe madogo ili makubwa yakae chini.

"Mwakani ukosee tena, shemeji," akasema. "Haya, shika kamba."