Nafasi Isiyoachwa Wazi

Kwao, kabla ya kukimbia, Nizigama alikuwa karani wa bunge, tena karani wa rula na wino mweusi. Wabunge arobaini walipoandaa hoja ya kumng'oa rais, aliyelitumia jeshi kama mali ya baba yake, Nizigama ndiye aliyechora karatasi ya sahihi. Jina, sahihi, halafu, kwa unadhifu wake wa kijinga ambao hakuna aliyemwomba, nyumba anakoishi mbunge. Spika hakuisoma hoja bungeni, aliipeleka ikulu. Kwa siku tatu askari waligonga milango, wakifuata mpangilio wa karatasi ile.

Sasa alikuwa amekaa kwenye mchanga wa Ujiji na wakimbizi wenzake, wakisubiri lori la kambini. Mélanie, mjane wa mbunge mmojawapo, akamsogelea.

"Mzee Nizigama, tulikuwa tumehama wiki ileile. Hata ndugu zetu hawakujua. Nani alituuza?"

Angeweza kumtaja spika, na usingekuwa uongo. 

"Mumeo alinikatalia kuandika nyumba mpya," akasema. "Nikamwambia fomu haiachwi wazi."